Ridhaa ya Nani?

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya raga kwenye mkutano mkuu wa mwaka

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia kuvaa jezi hii, dada na kaka zangu wa vikosi vyote, na ninyi mliojiunga mwaka huu ambao bado mnanukia dawa ya kuchua misuli: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Katibu alinipa dakika 20 nieleze historia ya klabu. Nikamuuliza, historia ipi? Akanyoosha kidole kwenye kabati la vikombe. Mnalifahamu kabati lile. Kioo kimepasuka kona ya chini, na vikombe vyenyewe mtu anaweza kuvihesabu akiwa amefumba jicho moja. Kama historia yetu ni vile, nitamaliza kabla hamjakaa sawa. Kwa hiyo nimekuja na kitu kingine. Nimekuja na daftari.

Hili hapa. Ni daftari la kumbukumbu za vikao, jalada gumu, mgongo wake umeshikizwa kwa plasta ile ile tunayofungia vifundo vya miguu. Nilirithi pamoja na ukatibu, na sasa amelirithi mwenzangu. Nimelisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali palipoelezwa mechi hata moja. Hakuna. Kuna mistari ya namna hii, nawasomea: “Jezi 14 zimerudi. Namba 6 haijulikani ilipo.” Kikao kinachofuata: “Namba 6 bado.” Cha tatu: “Katibu amuulize tena.” Amuulize nani, hapakuandikwa. Waliokuwepo walimjua.

Nataka tuanzie hapo, kwenye jezi zinazohesabiwa, kwa sababu ndipo penye neno letu. Kwa Kiswahili sisi tunaitwa wachezaji wa ridhaa. Wenzetu wa upande wa pili ni wachezaji wa kulipwa. Nalipenda neno hilo. Mtu wa ridhaa ni aliyekubali mwenyewe. Hakuswagwa wala hakununuliwa. Ila leo naliuliza swali moja: ridhaa ya nani? Maana kwenye mchezo huu neno hilo liliwahi kushikwa kama rungu, likawapiga watu ambao kosa lao lilikuwa kutokuwa na fedha.

Najua mnategemea nianze na kijana William Webb Ellis, yule wa shule ya Rugby, Uingereza, ambaye mwaka 1823 eti aliudaka mpira akakimbia nao badala ya kuupiga. Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba aliyeileta gazetini, Matthew Bloxam, aliileta mwaka 1876, wakati Webb Ellis mwenyewe alikuwa kaburini huko Ufaransa tangu 1872. Mwaka 1895 wanafunzi wa zamani wa shule ile waliunda kamati kuichunguza, na hawakupata hata shahidi mmoja aliyeliona tukio kwa macho. Wakaipitisha hivyo hivyo. Shikeni mwaka huo, 1895. Tutaurudia, na mtaona kwa nini watu fulani walikuwa na haraka ya kuthibitisha kwamba mchezo huu ni mali ya shule yao.

Mimi ningependa tuanze na fundi viatu. Mjini Rugby, karibu na shule ile, walikuwepo mafundi wawili wa viatu, William Gilbert na Richard Lindon, walioshonea wanafunzi mipira ya ngozi. Ndani ya ngozi kulikuwa na kibofu cha nguruwe, na kibofu hakijijazi chenyewe. Inasimuliwa kwamba kwa Lindon kazi ya kupuliza ilikuwa ya mkewe: anashika kibofu kibichi, anachomeka bomba la kiko cha udongo, anapuliza kwa mdomo. Kibofu cha mnyama mgonjwa kinamrudishia anayepuliza ugonjwa. Mama yule aliugua mapafu akafa, na mumewe akahangaika mpaka akapata kibofu cha mpira na pampu ya kukijazia. Kombe la Dunia tangu 1987 linaitwa kwa jina la Webb Ellis, ambaye hatujui kama alifanya lolote. Mama aliyetoa pumzi zake hana hata kikombe cha bati. Nikiwaambia historia ya raga imejaa watu wa jikoni, wafuaji na wapulizaji, msidhani natia chumvi.

Basi, tuingie kwenye klabu zenyewe. Mwaka 1845 wanafunzi wa Rugby waliandika kanuni za mchezo wao. Wakamaliza shule, wakatawanyika kwenye kazi, lakini miguu ikawa bado inawasha. Klabu zikaanza kuzaliwa: Blackheath mwaka 1858, Richmond 1861, na nyingine nyuma yao. Kila klabu ilikuwa na kanuni zake, hivyo mkikutana lazima mkubaliane kwanza leo tunacheza kwa sheria za nani. Mwaka 1863 watu walikaa London kutafuta sheria moja ya mpira, na kikao kikafika kwenye mateke ya ugoko. Wengine walitaka yapigwe marufuku. Blackheath wakasema mkiondoa ugoko mmeondoa uanaume wa mchezo, wakatoka nje. Waliobaki ndani ndio waliotupa soka. Miaka minane baadaye watu wa raga walipoandika sheria zao, wakayapiga marufuku mateke yale yale. Kwa hiyo mchezo wetu ulitengana na soka kwa ugomvi juu ya kitu ambacho tulikitupa wenyewe. Mkikaa kwenye vikao vya klabu hii muda wa kutosha, jambo hilo halitawashangaza.

Tarehe 26 Januari 1871, wajumbe wa klabu 21 walikutana kwenye mkahawa wa Pall Mall, London, wakaunda chama cha raga cha Uingereza. Zingekuwa 22. Klabu ya Wasps ilialikwa, na inasimuliwa kwamba mjumbe wake alikosea mahali, akaingia baa nyingine, na alipogundua kosa alikuwa hawezi tena kwenda popote. Kila klabu ina mtu wake huyo. Wa kwetu tumemkalisha meza ya nyuma, naona anacheka.

Linaloniridhisha katika kikao kile ni mpangilio wake: klabu zilitangulia, chama kikafuata. Hata mechi ya kwanza ya mataifa ilizaliwa hivyo. Makapteni wa klabu tano za Uskoti waliandika barua gazetini kuwachokoza Waingereza, na tarehe 27 Machi 1871 wakakutana Raeburn Place, Edinburgh, watu 20 kila upande. Uskoti ikashinda. Wakati huo trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, haikuwa na pointi yoyote. Ilikupa nafasi ya kujaribu kupiga mpira golini, na ndiyo maana kwa Kiingereza iliitwa hivyo, jaribio. Imechukua zaidi ya karne kufika pointi 5, mwaka 1992. Nawaambia ninyi wapya ili msiumie sana mkizikosa. Babu zetu walizifunga na hawakupata kitu.

Sasa 1895. Hapa nitakaa kidogo.

Raga ilipotoka shuleni ikashuka kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire na Lancashire, kwenye migodi ya makaa na viwanda vya nguo, na watu wa kule waliipenda kupita waliowaletea. Lakini mchimba makaa alikuwa na Jumamosi tofauti na wakili. Asubuhi ile ni ya kazi. Klabu ikiwa na mechi ya mbali, lazima aache zamu, na zamu iliyoachwa hailipwi. Klabu za kaskazini hazikudai mishahara. Zilidai ruhusa ya kumfidia mchezaji ujira wa saa alizopoteza, basi. Hoja ilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa chama, London, mwaka 1893. Ikaangushwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Walioiangusha walisema wanalinda ridhaa: anayepokea hata senti si mwanamichezo tena.

Sikilizeni vizuri kilichosemwa pale. Mwenye shamba la baba yake anaweza kuridhia Jumamosi nzima, na Jumapili ukitaka. Ridhaa yake haimgharimu kitu. Mchimba makaa akiridhia, watoto wake ndio wanaolipa. Lakini kwenye kitabu cha sheria wote wawili waliandikwa neno moja, kana kwamba wamebeba mzigo sawa. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana kwenye hoteli ya George, mjini Huddersfield, zikajitoa na kuunda umoja wao. Fidia waliyoikubali ilikuwa shilingi 6 kwa siku. Kutokana na umoja ule ikakua raga ya ligi, ile ya watu 13. Na ndio mwaka ambao wanafunzi wa zamani wa Rugby waliketi kuthibitisha kwamba mchezo uligunduliwa na mtoto wa shule yao. Mimi si mwanahistoria, lakini najua mtu anayetafuta hati ya kiwanja siku jirani anapohama na nusu ya ua.

Adhabu iliyofuata ilikuwa nzito. Ukicheza raga ya ligi, hata bure, umefungiwa raga yetu maisha. Ukistaafu ukaandika kitabu kuhusu uchezaji wako na ukapokea malipo yake, umekuwa wa kulipwa. Hata kuwafundisha watoto kwenye klabu yako huruhusiwi. Vita vya pili vilipokuja, jeshi likahitaji burudani, na mwaka 1943 na 1944 timu za askari wa raga ya ligi zilikutana na za raga yetu, kwa sheria zetu za watu 15. Mara zote mbili wa ligi wakatufunga kwa sheria zetu wenyewe. Vita vilipoisha, kufuli likarudishwa mlangoni.

Msione nazungumza mambo ya wafu wa mbali. Naomba niwaeleze Jumamosi moja ya kwangu. Nilikuwa kijana, namba yangu ya kikosi nimeipata kwa shida baada ya misimu miwili ya kushika maji pembeni. Mahali nilipofanya kazi walibadilisha zamu siku ya Ijumaa jioni, nikaambiwa kesho unatakiwa saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Tulikuwa na mechi ya ugenini. Sikwenda kazini. Tulicheza kwenye tope ambalo ukiinua mguu unasikia limekunyonya, tukafungwa, na Jumatatu nikakatwa ujira wa siku mbili, moja ya kosa na moja ya adabu. Sikumwambia mtu. Alhamisi kwenye mazoezi nikaingiza mguu kwenye njumu ya kulia, vidole vikakutana na karatasi. Bahasha. Ndani zilikuwa noti zilizokunjwa kila moja kivyake, mikunjo tofauti, yaani zimetoka mifuko tofauti. Niligeuka kuwaangalia. Kila mtu alikuwa anafunga kamba za viatu vyake kwa makini ambayo sijawahi kuyaona tena.

Kwa sheria ya siku zile, jioni ile nilikuwa mchezaji wa kulipwa. Ningestahili kufungiwa maisha. Na walionilipa nao pia, kikosi kizima, na kapteni juu yao.

Kwenye daftari? Hakuna. Nimeitafuta wiki ile. Imeandikwa kwamba wavu wa kubebea mipira umetoboka.

Mwaka 1995, mwezi huo huo wa Agosti, bodi ya kimataifa ilikaa Paris ikatangaza mchezo uko wazi, kila mtu alipwe kama kuna wa kumlipa. Ilikuwa miaka 100 kasoro siku chache tangu Huddersfield. Watu wa klabu ndogo kama yetu waliona ndio mwisho. Nakumbuka mzee mmoja alisema hapa hapa kwamba baada ya miaka mitano hakutakuwa na mtu wa kuvaa jezi bila risiti. Mimi niliona tofauti, na bado naona. Kabla ya hapo hatukuwa wa ridhaa, tulikuwa wa marufuku. Mtu aliyekatazwa kula hajafunga. Ridhaa ilianza siku mlango ulipofunguliwa na sisi tukabaki ndani.

Mifano ya ridhaa ya kweli mimi naitafuta kwa watu ambao chama hakikuwapa chochote. Mwaka 1883 klabu ya mji mdogo wa Melrose, Uskoti, haikuwa na fedha. Mchinja nyama mmoja, Ned Haig, alikuwa mchezaji wao. Wazo lake lilikuwa kufanya mashindano ya siku moja, lakini timu za watu 15 zingekula siku nzima, basi wakapunguza wakawa saba kila upande, na muda ukafupishwa. Wanawake wa Melrose wakatoa kombe. Fainali Melrose wakakutana na majirani zao Gala, muda wa nyongeza, Melrose wakapata trai wakatoka uwanjani wakidai wameshinda, Gala wakibaki wamesimama wanauliza nani kasema mechi imeisha. Raga ya saba tuliyoiona kwenye Olimpiki ya Rio 2016 ilianzia kwenye hazina tupu ya klabu. Mweka hazina wetu, ukilia tena mwaka huu nitakukumbusha Haig.

Na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1991 wanawake wanne wa klabu ya Richmond waliandaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake. Bodi ya kimataifa haikulitambua. Walikuwa na kazi zao. Barua waliandika usiku. Zikaja timu 12 Wales, kila timu ikijigharamia. Timu ya Umoja wa Kisovieti haikuwa na fedha za kigeni, ikaja na vodka na kaviari ili iuze ipate kula na kulala, mpaka maofisa wa forodha wakaenda kuwahoji. Fainali Marekani iliifunga Uingereza 19 kwa 6, Cardiff. Mnapowaona leo wanawake wanajaza viwanja vikubwa, kumbukeni ilianza na chupa zinazouzwa kwa magendo kidogo ili wachezaji wale chakula cha jioni. Dada zetu wa kikosi cha hapa wanajua. Msimu wao wa kwanza tuliwapa jezi zetu kuukuu, mabega yanawafika viwikoni, na chumba cha kubadilishia nguo wakapewa zamu ya mwisho, maji yameshapoa. Hilo nalo halimo kwenye daftari, na aliyekuwa akiandika daftari mwaka ule ni mimi.

Richmond hiyo hiyo ina kisa kingine. Baada ya 1995 tajiri aliinunua, ikaajiri nyota, ikapanda. Mwaka 1999 fedha zilikatika, ikaingia kwenye mikono ya wasimamizi wa ufilisi, na timu ya kulipwa ikafutwa. Wanachama wa zamani wakaokota jina na jezi, wakaanza upya kwa ridhaa kutoka ngazi za chini. Na Wasps, wale wa baa, walikuja kuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili, 2004 na 2007. Oktoba 2022 nao wakafilisika. Sisemi hili kwa furaha. Watu walipoteza kazi. Nasema tu kwamba siku kampuni ilipokufa Richmond, palikuwa na watu wenye funguo za stoo.

Hapo ndipo daftari langu linapopata heshima. Kabla ya ligi kuanza Uingereza mwaka 1987, klabu ziliishi kwa mechi za kirafiki, na mechi ya kirafiki ilitegemea katibu mmoja kumwandikia katibu mwingine, mwaka mzima mbele, akiomba Jumamosi. Kuna watu wameandika barua miaka 30 na hawakufunga trai hata moja. Sisi pia tulianza hivyo. Humu ndani kuna kurasa nyingi za majina ya klabu na tarehe, na pembeni alama ya vema kwa penseli ya aliyejibiwa. Ukurasa mmoja hauna vema hata moja, kumi na moja walioandikiwa, wote kimya. Ukurasa unaofuata, mwandiko ule ule, kumi na mmoja wale wale, ameanza tena juu.

Dakika zangu zimeisha, naona Katibu anaangalia saa. Nina jambo moja la kiutawala.

Nilipochaguliwa kuwa katibu, nilipokea daftari hili, na kazi ya kwanza iliyobaki wazi ilikuwa ile: amuulize tena mwenye namba 6. Nikamuuliza. Hakujibu. Nikaandika “bado”. Nimemuuliza kila mwaka kwa miaka yote ya ukatibu wangu, naye kila mwaka ananitazama kwenye kioo wakati nanyoa ndevu.

Ni ile niliyovaa Jumamosi ya tope. Niliichukua nyumbani kuifua na nikashindwa kuirudisha. Mwenyekiti, naomba kuikabidhi. Kola imechanika na namba imebanduka nusu, inasomeka kama sifuri, lakini mke wangu ameifua jana. Katibu, kalamu unayo? Andika: jezi 15 zimerudi.